Taa iangaze chini: maneno yetu juu ya mwangaza wa usiku ku Goma

Maneno tuliyosema mbele ya vijana wa mji wa Goma, Desemba 2023



Tunaanza na swali moja. Jana usiku ulifika kwako namna gani? Ulipita njia gani, na ulikuwa unaona nini mbele yako?

Wengine kati yetu tuliwasha telefone ili tuone mawe. Wengine tulizunguka njia ndefu juu ile fupi iko giza. Wengine tulilala kwa rafiki, maana saa mbili ilitukuta mbali na nyumbani. Kila mtu wa Goma anajua hesabu hiyo, na familia nyingi zinajua jina la mtu ambaye alitoka jioni na hakurudi.

Njo maana miaka hii yote tumekuwa tunadai taa. Tumeandika barua, tumetembea, wengine wetu tumelala mu kashot juu ya kudai usalama. Hatujaacha kudai na hatutaacha. Leo tuko na jambo la pili la kusema, na tunaomba mtusikilize mpaka mwisho, maana mtu akisikia nusu atasema tumegeuka. Jambo lenyewe ni hili: taa iliyowekwa vibaya haitulindi. Inaweza hata kutuumiza. Na kwa sasa, mu mji wetu, tunaanza kuwa na nyingi za aina hiyo.

Tuwaelezee tulipojifunzia.

Ku avenue moja ambapo wengi wetu tunakaa, nyumba moja ya biashara iliweka projekteri mbili juu ya ukuta wake. Kubwa, nyeupe, zimeelekezwa barabarani. Siku ya kwanza tulifurahi. Tukasema: hatimaye, mwangaza. Watoto walikuja kucheza pale chini. Wiki chache nyuma, usiku, motari moja alikuwa anapanda, na kijana wa chukudu alikuwa anashuka na magunia ya makala. Chukudu haina taa, mnajua. Motari hakumuona hata kidogo. Kijana alivunjika mguu, makala yakamwagika, na kazi ya miezi ikaishia pale.

Watu walisema: motari alikuwa na mbio. Labda. Yeye alirudilia neno moja tu: "Ile taa ilinipiga mu macho, sikuona tena njia." Wengi walidhani anatafuta sababu. Kesho yake usiku tulienda tukasimama pale pale, tukiangalia kule alikokuwa anaangalia. Tuliona projekteri mbili, na nyuma yake ukuta wa giza. Kisha mmoja wetu akainua mkono, akafunika taa kwa kiganja, kama mtu anayejikinga na jua. Mara moja tukaona barabara: mawe, mtaro, mama moja amesimama kando na beseni yake. Alikuwa pale wakati wote. Taa ndiyo ilikuwa inamficha.

Wandugu, hiyo si uchawi. Jicho la mtu linajipanga na mwangaza mkubwa kuliko yote ulio mbele yake. Kikiwa kikali, mboni inajifunga, na vitu vya kivulini vinapotea. Ili jicho lizoee giza tena kabisa, linahitaji karibu nusu saa. Basi mtu anayepita mbele ya taa kali halafu anaingia kwenye giza anatembea kama kipofu, na yule anayemngojea kivulini anamuona vizuri sana. Mwizi anaijua hesabu hiyo kutuzidi. Taa kali inayoacha vivuli vyeusi pembeni inamjengea nyumba ya kujificha.

Sasa tuongee juu ya zile taa za jua, maana ni nyingi na tunazipenda. Jua ni letu, na halina delestaji. Lakini angalieni zinavyofanya kazi. Nyingi zinawaka kwa nguvu zote kuanzia saa kumi na mbili na nusu jioni, wakati barabara bado imejaa watu, maduka yamefunguliwa na magari yanapita na taa zao. Batri inatumika yote mwanzoni. Ikifika saa tisa za usiku, hasa wakati wa mvua ambapo jua la mchana lilikuwa kidogo, taa inazimika. Saa kumi, wamama wanaoenda ku maji kununua sambaza wanatoka nyumbani, na wanakuta giza totoro. Tulikuwa na mwangaza wakati hatukuuhitaji sana, tukaukosa wakati ulipokuwa wa lazima.

Dawa iko, na haihitaji mwanasayansi kutoka mbali. Taa za leo nyingi zinaweza kupangwa: ziwake vizuri jioni, zipunguze nguvu nusu watu wakipungua, halafu ziongeze tena alfajiri. Nyingine ziko na kihisi, mtu akipita zinapanda zenyewe. Taa ikiwaka nusu ya nguvu, inatumia karibu nusu ya umeme, na batri inafika asubuhi. Haya yanaamuliwa siku ya kununua. Mtu anayenunua bila kuuliza analeta taa ya saa nane na kutuambia ni ya usiku mzima.

Tena kuna mwangaza unaopotea juu. Pandeni siku moja ku Mont Goma usiku, muangalie chini. Kila taa unayoiona kwa macho yako kutoka kule juu inakutumia wewe mwangaza ambao ulipaswa kwenda barabarani. Ampulu ya mviringo isiyo na kofia inatupa sehemu kubwa ya mwangaza wake mu mawingu. Umeme huo umelipiwa. Sisi ambao wengi bado tunapika na makala na kusoma na tochi, tunamulika mawingu.

Hapa kuna wandugu watasema: "Hii mambo ya mwangaza kuharibu usiku ni ya Wazungu. Sisi tuko mu giza, ninyi mnatuletea maneno ya watu walioshiba taa." Tunaelewa neno hilo. Sisi wenyewe tulilisema mara ya kwanza. Tulijibu hivi.

Ni kweli, wale walishiba mpaka wakavimbiwa. Wanasayansi waliochora ramani ya mwangaza wa dunia mu 2016 walionyesha kwamba zaidi ya watu 80 kwa mia duniani wanakaa chini ya mbingu iliyochafuliwa na taa, na mtu mmoja kwa watatu hawezi tena kuona Njia ya Maziwa, ule mstari mweupe wa nyota tunaouona sisi siku umeme umekatika. Sasa wanarudi nyuma, na kurudi nyuma ni bei kali. Ufaransa iliweka sheria tarehe 27 Desemba 2018: taa mpya za barabara zisitupe mwangaza juu, rangi yake isizidi kelvini 3000, maana yake iwe ya manjano ya joto na si nyeupe ya baridi, na taa za maduka zizimwe usiku kazi ikiisha. Ku Marekani, mji wa Flagstaff ulianza kuzuia projekteri za kumulika mbingu tangu 1958. Wale waliochelewa wanalipa mara mbili: kununua taa, kisha kuzing'oa.

Sisi ndio tunaanza. Umeme wa maji kutoka Matebe uko tangu 2015, umeme wa jua wa Ndosho uko tangu 2020, na kila mwaka nguzo zinaongezeka. Taa inayowekwa leo itabaki pale miaka mingi. Kwa nini tununue kosa ambalo wengine wanalitupa?

Halafu, nani alisema sisi hatujui mambo ya mwangaza? Waulizeni wavuvi wa Kivu. Usiku wanaingia ziwani, wanawasha taa juu ya maji, na sambaza wanapanda kuufuata mwangaza mpaka mu wavu. Mwezi ukiwa mkubwa, wengi hawatoki, maana ziwa lote liko na mwangaza na taa yao haivuti tena kitu. Muvuvi ambaye hajafika shule anajua kwamba mwangaza ni chambo. Waulizeni pia majirani zetu wa Uganda wanaokamata senene: wanasimamisha manjanja, wanaweka ampulu kali, na senene wanaanguka kwa magunia. Kama taa ya kazi inaweza kujaza magunia usiku mmoja, taa yetu ya ukuta inafanya nini kila usiku, mwaka mzima, kwa wadudu ambao hakuna mtu anayewala? Angalia chini yake asubuhi. Wale ndio wanaochavusha maua ya mashamba, ndio chakula cha ndege na popo. Na sisi tuko mlangoni mwa Virunga, pori lililolindwa tangu 1925.

Mwili wetu pia unajua. Usiku ukiingia, ubongo unatoa dawa yake ya usingizi inayoitwa melatonini. Mwangaza mweupe wenye rangi ya bluu unaisimamisha. Mtoto ambaye projekteri ya jirani inaingia mu dirisha lake usiku kucha halali vizuri, na asubuhi mwalimu anamwita mvivu. Mama yake anatundika pazia nzito, na chumba kinakosa hewa. Hiyo ni kesi ya kila siku ku parsele zetu, na hakuna anayejua ailete wapi.

Na sisi wa Goma tuko na sababu moja ambayo miji mingi haina. Tuko chini ya Nyiragongo. Kwa miaka mingi kabla ya 2021, ziwa la moto la kule juu lilikuwa linapaka mawingu rangi nyekundu usiku, na wazee wetu walikuwa wanatazama rangi hiyo kabla ya kulala. Tarehe 22 Mei 2021, jioni, mbingu ilipogeuka nyekundu upande usiozoeleka, wengi wetu tulijua kabla ya redio yoyote kusema. Hatusemi kwamba macho yanatosha. Kazi ya kupima mlima ni ya wale wa Observatwari ya Volkano na vyombo vyao. Tunasema tu: mji unaoishi na mlima wa moto unahitaji kuuona mlima wake.

Sasa turudi ku usalama, maana hapo ndipo roho za watu ziko.

Je, taa inapunguza uhalifu? Tuwe wakweli. Ku New York, mu 2016, waliweka taa kali ku mitaa kadhaa ya nyumba za serikali iliyochaguliwa kwa kura, wakalinganisha na mitaa isiyowekewa. Uhalifu mkubwa wa nje usiku ulishuka karibu 36 kwa mia. Basi mtu asituambie taa haina maana. Lakini Uingereza na Wales, ambako miji mingi ilipunguza nguvu ya taa au kuzizima saa za usiku wa manane, utafiti uliotoka 2015 haukuona ushahidi kwamba ajali au uhalifu uliongezeka. Wote wawili wanatufundisha neno moja: mwangaza unasaidia pale penye uhitaji, saa ya uhitaji. Kumwaga taa kila mahali si usalama.

Na uhitaji uko wapi? Tuseme bila kuficha. Mu 2023 ulikuwa ku kambi za wakimbizi wa ndani, Kanyaruchinya, Bulengo, Lushagala, ambako mama na binti walikuwa wanatoka hemani usiku kwenda mu choo bila kuona nani amesimama nyuma ya mlango. Uko ku njia za kuchota maji. Uko ku kituo cha afya ambapo mwanamke mjamzito anafika saa nane za usiku. Uko ku njia panda ambako motari wanagongana. Wakati huo huo, kuna ukuta wa etaji unaomulikwa usiku kucha ili watu waone kwamba ni mzuri. Projekteri moja ya ukuta ule ingetosha taa ndogo kadhaa za njia ya choo. Hatusemi tupunguze mwangaza wa maskini. Tunasema mwangaza uhame: utoke mawinguni, utoke machoni, ushuke penye miguu ya watu.

Kwa hiyo tunaomba mambo matano kwa kila taa ya nje, na tunataka kila kijana ayashike kichwani kama namba yake ya telefone.

Moja: iwe na kazi. Kama hakuna anayepita pale, juu ya nini inawaka?
Mbili: iangaze chini. Iwe na kofia, mtu wa mbali asione ampulu.
Tatu: isizidi nguvu. Taa nyingi ndogo zinazofuatana ni bora kuliko moja kali na giza kati.
Ine: iwe na saa zake. Ipungue au izimike wakati haitumiki, iwepo wakati inahitajiwa.
Tano: iwe ya rangi ya joto, manjano, si nyeupe ya bluu.

Kwa ofisi ya meya na kwa viongozi wa mitaa ya Goma na Karisimbi, tunadai haya. Kabla ya kupokea taa za mradi wowote, muulize maswali hayo matano kwa maandishi, na majibu yabandikwe ku ofisi ya kartie ili raia wayasome. Mkataba wa kununua taa uwe na mkataba wa kuzitunza: nani anabadilisha batri, kwa muda gani, kwa pesa ipi. Nguzo yenye taa iliyokufa ni deni la mtu, na tunataka kumjua. Na njia za maji zitangulie mbele ya mizunguko ya kupiga foto.

Kwa mashirika na wafadhili: asante kwa taa. Tafadhali msihesabu nguzo mlizosimamisha tu. Hesabuni zile zinazowaka saa kumi za alfajiri mwaka wa pili.

Kwa wenye maduka, hoteli, makanisa na parsele: hatuko adui zenu. Mmeweka taa mlipoona serikali haiweki, na tunawashukuru. Tunaomba tu mmoja wenu apande ngazi na kuinamisha projekteri yake ili itazame chini. Haigharimu hata franga moja. Kipande cha manjanja kikiwekwa juu kama kofia, fundi wa kartie anakitengeneza kwa bei ndogo. Yule mwenye nyumba tuliyewaambia mwanzoni, tulienda kwake watu watano tu, kwa heshima, bila kelele. Tulimuomba avuke barabara na asimame pale motari alipokuwa. Akainua kiganja chake mwenyewe, akanyamaza. Halafu akasema: "Sikujua, watoto yangu. Mimi naiona kutoka ndani tu." Wiki ile akainamisha zote mbili. Leo barabara inaonekana, na ukuta wake bado unalindwa. Mguu wa yule kijana haujapona vizuri. Hilo hatuwezi kulirudisha.

Na kwetu sisi vijana: hatuvunji taa ya mtu. Hatupandi nguzo, hatugusi waya, umeme unaua. Kazi yetu ni macho, kalamu na mdomo. Mnajua salongo ya asubuhi, tunafagia mitaro. Jumamosi inayokuja tunafanya salongo ya jioni. Tutatembea kwa vikundi, hakuna anayetembea peke yake, na tutarudi mapema. Kila kikundi kishike daftari moja na avenue moja. Mbele ya kila taa, inua kiganja ufunike ampulu. Kama unaona vizuri zaidi ukiifunika, andika: mbaya. Kama imekufa, andika: imekufa. Na pale ambapo moyo wako unapiga haraka juu hakuna taa, andika kwa herufi kubwa: HAPA. Wadada, ukurasa wa HAPA tunataka uandikwe nanyi mbele, maana ninyi mnajua njia ambazo sisi hatuzioni.

Daftari hizo tutazipeleka ofisini, kartie kwa kartie. Wasiposikia, tutarudi. Mnatujua.

Tunamaliza. Kuna usiku fulani umeme ulikatika mji mzima, na mvua ilikuwa imetoka kunyesha. Tulikuwa tumekaa juu ya mawe ya 2002, watoto wa jirani nasi. Mmoja, wa miaka sita hivi, akainua kichwa akauliza: "Zile zilikuwa wapi?" Alikuwa anaongea juu ya nyota. Tulimjibu kwamba zilikuwa pale pale.

Hatutaki mtoto huyo achague kati ya kuona nyota na mama yake kufika salama nyumbani. Anaweza kupata vyote viwili, kama sisi wakubwa tutajifunza kuinamisha taa.

Jumamosi, saa kumi na mbili jioni. Kujeni na daftari.

Sisi, vijana wa Goma